Balbu ya Bafuni

Kwa miaka miwili na miezi mitatu tulioga gizani, na wala si kwa sababu umeme ulikatika. Umeme ulikuwepo sebuleni, ulikuwepo jikoni, ulikuwepo hadi barazani. Bafuni tu ndiko kulikokuwa na giza totoro, tena katika nyumba ya fundi umeme aliyefunga waya kwenye nusu ya nyumba za mtaa wetu. Waliosema mganga hajigangi bila shaka walikuwa wametuchungulia.

Fundi mwenyewe ni mume wangu. Watu wanamwita Fyuzi, kwa kuwa ni mfupi na huungua upesi. Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi sare za wauguzi wa zahanati mbili, na mashuka ya nyumba moja ya wageni ambayo wageni wake, kwa ushahidi wa mashuka, wanakula kitandani. Tulipotaka kuoana shangazi yangu alinionya kwamba umeme na maji havijawahi kupatana tangu dunia iumbwe. Nikamuuliza, na pasi ya mvuke je? Hakufurahi.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana watu wamesikia mengi. Jioni moja nilikuwa nasuuza sare bafuni, balbu iliyo juu ya kioo ikaungua. Bafu letu halina dirisha, kwa hiyo nikasimama pale gizani, sare mkononi, nikamwita. Fyuzi akaja na balbu mpya mfukoni na bisibisi mdomoni. Balbu haihitaji bisibisi, lakini yeye hata chai hanywi bila bisibisi karibu. Akaniambia, "Hebu toka dakika moja tu, usije ukanilowanisha." Nikatoka kwenda kuanika. Sijaweka hata kibanio cha pili nikasikia kishindo.

Mtu aliyepanda nguzo miaka ishirini na saba bila kukwaruzwa hata kidole alikanyaga kipande cha sabuni, akateleza, mgongo ukagonga ukingo wa karo la kufulia. Na kipande hicho kilikuwa changu. Nilikiacha sakafuni mimi mwenyewe kwa uvivu wa kuinama. Sitazunguka, nimeshazunguka vya kutosha.

Nilipomulika kwa tochi nilimkuta amelala chali, macho wazi. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Nimeanguka kutoka kwenye nguzo."

Nikadhani amegonga na kichwa pia. "Umeanguka hapa hapa bafuni, baba wee!"

"Nguzo," akasema. "Ya mita sita. Usibishane na mgonjwa."

Jirani mwenye gari dogo la mizigo ndiye aliyetupeleka hospitali. Ni mtu mwenye roho nzuri na maswali machache, maana hakuuliza mtu aliyeanguka kutoka kwenye nguzo alifikaje bafuni kwake akiwa amevaa bukta. Mapokezini, nguzo ikawa mita nane. Wodini ikawa kumi. Mama yake alipofika kutoka safari, nguzo ilikuwa na mita kumi na mbili, mvua ilikuwa inanyesha, na juu kabisa kulikuwa na kinda la ndege ambalo Fyuzi alikuwa anajaribu kuliokoa.

Mimi nikanyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilijiambia kwamba mume wangu anaona aibu, na ni haki yake, kwani fundi wa nguzo atauambiaje mtaa kwamba ameangushwa na sabuni? Lakini niseme ukweli wote: ile nguzo ilinifaa na mimi. Nguzoni hakuna sabuni. Mama mkwe wangu ni mtu anayekumbuka chumvi niliyozidisha mwaka ule tulipooana. Nilimwogopa, na nilijiogopa mwenyewe.

Madaktari walisema mshipa mkuu wa fahamu, ule unaopita ndani ya uti wa mgongo, haukukatika ila umepondeka. Kuanzia kiunoni kushuka chini miguu ikawa kimya. Na maneno yake ya kwanza alipozinduka baada ya kupasuliwa hayakuwa jina langu. Alisema, "Ile balbu msiiguse. Kazi niliyoianza nitaimaliza mwenyewe."

Hiyo ni sheria ya ufundi wake. Aliyefungua ndiye anayefunga. Fundi hamalizii kazi ya fundi mwingine, na wala hakubali yake imaliziwe. Mimi ningeweza kuifunga ile balbu kwa sekunde kumi, na nilisimama mbele yake mara nyingi mkono ukiniwasha. Sikuigusa. Niliona siku nikiifunga mimi nitakuwa nimemwambia kwamba hatasimama tena.

Basi tukaoga gizani. Mama mkwe alihamia kwetu kumuuguza mwanawe, akaja na masanduku mawili na televisheni yake mwenyewe, na asubuhi ya kwanza akapiga mswaki kwa dawa ya kuchua viungo. Shemeji yangu, yule wa benki, aliingia kunawa uso akaukuta mkebe wangu wa buluu ya kufulia. Alitoka amekuwa buluu mpaka nyuma ya masikio, na kwa kuwa tulikuwa tumezoea kutotazamana tukitoka bafuni, hakuna aliyemwambia mpaka alipofika kazini.

Mwaka jana hospitali kubwa ikatafuta watu wa kujaribia mashine mpya. Daktari wa upasuaji alitueleza vizuri. Wanaweka kijibamba chembamba chenye nyaya ndogo juu ya ule mshipa wa mgongoni, chini ya pale palipoumia. Betri inafukiwa chini ya ngozi kiunoni, ukubwa wake kama kiberiti. Halafu kwa rimoti wanapeleka umeme kidogo sana kwenye mishipa iliyolala, ili ikisikia amri ya ubongo, hata kwa mbali, iweze kuitika.

Mtu mwingine angelia kwa matumaini. Mume wangu akauliza, "Nani anafunga waya?"

"Mimi," akasema daktari.

"Naomba nione mchoro."

Akaletewa mchoro. Akautazama kwa robo saa, akachomoa penseli sikioni. "Erthi iko wapi?"

"Mwili wa binadamu hauna waya wa kushusha umeme ardhini, mzee."

"Ndiyo maana watu wanakufa," akasema Fyuzi, akaichora. Nasikia mchoro huo uko ukutani ofisini kwa daktari mpaka leo.

Alirudi nyumbani na umeme mgongoni, na nyumba ikageuka kichekesho. Mama mkwe akawa hamkaribii bila kandambili za mpira. Mvua ikinyesha, alimpa sahani ya chakula kwa kuisukuma na mwiko. Jirani yule wa maswali machache akaja na swali moja, kama siku umeme ukikatika anaweza kuja kuchajia simu. Na mume wangu mwenyewe, baada ya miaka yote ya kunifokea nisiache vitu kwenye chaji, akawa jioni, kila baada ya siku moja, anajifunga mkanda wa kuchajia kiunoni na kuketi pale kama simu. Rimoti akaibandika vijikaratasi kama anavyobandika kwenye visanduku vya swichi za watu: KUKAA, KUSIMAMA, na cha tatu kinachohusu mambo ya chooni, ambacho sitakisoma hapa.

Mazoezi aliyasimamia mtaalamu mmoja wa viungo, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni. Tulimwita Kamanda. Tangu siku ya kwanza alimwambia, "Mzee, umeme haukusimamishi. Umeme unaiamsha mishipa tu. Kusimama unasimama wewe."

Fyuzi aliyachukua maneno hayo kama tusi kwa umeme. Alikuwa anabonyeza KUSIMAMA halafu anangoja, kama mtu aliyeita lifti. Miguu inatetemeka, yeye ametulia, anangoja ifike.

"Ongeza kidogo," anasema.

"Siongezi. Simama."

"Unaona, umeme mdogo huu. Hauwashi hata redio."

"Wewe si redio, mzee. Simama!"

Na alisimama, jamani. Mara ya kwanza nilipomwona wima, ameshika vyuma, magoti yake yale yale niliyoyasahau yamenyooka, nililia hadi Kamanda akapiga filimbi. Lakini ikawa hivi: anaikodolea macho rimoti, anahesabu kwa sauti, akifika arobaini anaanza kuuwaza umeme, kama unatosha, kama waya haujalegea, na magoti yanakunjika. Siku zote arobaini. Mwezi wa tatu arobaini, mwezi wa tano arobaini.

Na kulikuwa na mtihani. Mwanzoni kila mgonjwa aliandika jambo moja la nyumbani ambalo anataka kulifanya akiwa amesimama. Mmoja aliandika kumkumbatia mjukuu wake. Mwingine aliandika kusali. Mume wangu aliandika: Kubadilisha balbu ya bafuni. Mwisho wa mwezi wa sita Kamanda angekuja nyumbani, na Fyuzi angetakiwa asimame dakika moja kamili na aimalize kazi yake. Akifaulu, anaingia awamu ya pili, ya kujifunza kutembea. Akishindwa, mashine inabaki mgongoni lakini mazoezi yanakwisha, na nafasi yake wanampa mwingine aliye kwenye foleni. Kwa hiyo kutembea kwa mume wangu kulikuwa kunaning'inia kwenye balbu ya wati tisa.

Siku ya mtihani niliamka alfajiri. Nikalisugua lile bafu mara tatu. Nikapiga magoti na kupapasa kigae kimoja kimoja kwa viganja kama mtu aliyepoteza kipini. Kisha nikakusanya sabuni zote zilizokuwa ndani ya nyumba, za mche, za maji, za unga, hata ile ndogo ya hotelini ambayo mama mkwe aliificha sandukuni, nikazipeleka kwa jirani. Jirani akapokea ndoo mbili za sabuni bila kuuliza kitu. Nikafanya na jambo jingine moja dogo, la kawaida kabisa, ambalo nililisahau papo hapo. Nitalisema wakati wake.

Kuanzia saa moja mama mkwe alikuwa analalamika sebuleni.

"Mkwe wangu, televisheni yangu haisemi."

"Subiri kidogo, mama, leo tuna mtihani."

"Mwanangu, televisheni ya mama yako imekufa."

"Mama, nitaitazama baadaye," akasema Fyuzi, ambaye alikuwa anavaa ovaroli yake ya kazi, ile ya zamani, na kuweka testa yake ya kupimia umeme mfuko wa kifuani. Mama huwa analalamika kila siku, kwa hiyo tulimsikia kama mtu anavyosikia kuku.

Saa nne Kamanda akafika na fomu, saa ya kuhesabia sekunde, na ule mkanda mpana wa kumfunga mgonjwa kiunoni ili amdake akianguka. Tukaingia bafuni. Fyuzi mbele ya kioo kwenye kiti chake cha magurudumu, Kamanda nyuma yake ameshika mkanda, mimi mlangoni na tochi, kidole kikiwa karibu na swichi. Mama mkwe akasimama kwenye ujia, ndani ya kandambili zake.

"Anza ukiwa tayari, mzee," akasema Kamanda.

Fyuzi akabonyeza KUSIMAMA, akashika chuma cha ukutani, akainuka. Mkono wa kushoto kwenye chuma, wa kulia ukapanda mpaka kwenye balbu ya zamani. Akaizungusha. Ilikuwa imeshikana kwa miaka miwili, ikalia kama panya. Sekunde ishirini. Ikatoka. Nikampa mpya. Sekunde thelathini. Akaifunga polepole, jasho likimtiririka shingoni. Sekunde thelathini na nane. Nikayaona magoti yanaanza ule mtetemo wake, nikamwomba Mungu kimoyomoyo.

"Washa!" akasema.

Nikawasha. Giza. Nikazima, nikawasha tena. Giza.

Fyuzi akageuza shingo. "Balbu hii umeinunua wapi?"

"Dukani."

"Duka gani?"

"Duka la vifaa vya umeme! Kwani balbu zinauzwa buchani?"

"Uliijaribu kabla ya kuondoka?"

"Muuzaji aliijaribu, ikawaka mpaka nikafumba macho."

"Basi umeiangusha njiani."

"Sijaiangusha mimi! Humu ndani anayejulikana kwa kuanguka si mimi."

"Nguzo ya mita kumi na mbili," mama mkwe akamweleza Kamanda kutoka nje. "Na mvua ilikuwa inanyesha."

Fyuzi alikuwa ameshachomoa testa. Akaitoa balbu, akagusisha testa ndani, akatazama. "Hakuna moto," akasema. "Hamna kitu kabisa. Kuna mtu amechezea waya zangu." Na hapo, ili afungue kishikio cha balbu kwa bisibisi, akakiachia chuma.

Nilimwona. Mikono yote miwili juu, testa huku, bisibisi kule, miguu yake miwili tu chini. Nikataka kupiga kelele. Kamanda akaweka kidole mdomoni, akanitolea macho, na kwa kidole hicho hicho akanifanyia ishara ya kuzungusha: endelea.

Niendelee na nini? Nikaendelea na nilichokuwa nacho.

"Nani achezee waya zako? Miaka miwili naoga kama popo, natafuta taulo kwa kunusa, shemeji amekwenda benki akiwa wa buluu, kwa sababu ya kiburi chako!"

"Kiburi changu?"

"Kiburi! Ningeweza kumwita fundi yeyote!"

"Mwite! Mwite yule wa mtaa wa pili anayefunga soketi kichwa chini!"

"Afadhali yeye, maana haoni aibu kuanguka! Wewe mtu mzima unatunga nguzo, unatunga mvua, kwa sababu unaona aibu kusema umeteleza kwa sabuni!"

Neno likishatoka halirudi. Nikasikia kandambili zikisogea.

"Sabuni gani?" akauliza mama mkwe.

Nilikuwa nimechoka. Miaka miwili nimelala na kile kipande cha sabuni kama mtu anayelalia jiwe. "Sabuni yangu, mama," nikasema. "Hakuna nguzo. Hakuna mvua wala ndege. Niliacha kipande cha sabuni hapa chini, mwanao akakikanyaga. Mimi ndiye niliyemvunja mgongo." Na nikaanza kulia, mwanga wa tochi ukirukaruka ukutani.

Fyuzi hakugeuka. Alikuwa anakaza skrubu. "Nani amekuuliza?" akasema.

"Nilipaswa kusema."

"Kwani mimi sijui? Ilikuwa sabuni ya mche, imekatwa kwa waya. Mtaa mzima huu nani mwingine anakata sabuni kwa waya? Na waya wenyewe uliuchukua kwenye mkoba wangu. Ile sabuni iliniganda kisiginoni mpaka hospitali. Muuguzi ndiye aliyeibandua, akaniuliza kama ni dawa."

"Ulijua? Miaka yote hii?"

"Nilijua kabla sijafika chini."

"Sasa nguzo ya nini?"

Akashusha pumzi, kama anapoulizwa na mteja swali la kijinga. "Ningesema sabuni, mtaa ungekuitaje? Mama angekuambia nini kila siku ukimletea chai? Nguzo wakiilaumu, haisikii. Nguzo hailii." Akapuliza vumbi kwenye kishikio. "Shika tochi sawasawa."

Nikaishika, lakini siwezi kusema ilimulika wapi. "Mimi nilidhani unaona aibu," nikasema.

"Aibu pia naona. Lakini hiyo ilikuwa sababu ya pili."

Kwenye ujia mama mkwe akasema, kwa huzuni kabisa, "Kwa hiyo yule ndege hakuwepo."

"Hakuwepo, mama," akasema Fyuzi.

"Nimemwombea miaka miwili." Akafuta pua. "Haya. Ndege hakuna. Televisheni nayo imekufa tangu alfajiri na hakuna anayenijali."

Bisibisi ikasimama. "Televisheni imekufa tangu alfajiri?"

"Nimesema mara tano!"

"Na friji?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Juu ya swichi kubwa ya nyumba yetu, pale karibu na mita, mume wangu ameandika kwa rangi nyekundu: ZIMA, PIMA, NDIYO UGUSE. Aliwahi kuninunia siku tatu kwa kufuta vumbi kwenye soketi bila kuzima. Na alfajiri ile, kwa hofu yangu na kwa heshima yangu kwake, kabla hata sijanawa uso, nilikwenda nikaizima swichi kubwa.

Akanitazama kupitia kioo. "Umezima swichi kubwa."

"Ni sheria yako."

"Umezima swichi kubwa, na hukuniambia!"

"Imeandikwa ukutani! Kwa mkono wako!"

Akafungua mdomo ili aungue kama jina lake. Kamanda akawahi, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Mama, nenda kaiwashe. Mzee, rudisha balbu mahali pake."

Nikakimbia. Nikainua swichi. Televisheni ikalipuka sebuleni kwa sauti ya juu kabisa, friji ikakohoa, na kutoka bafuni nikasikia mama mkwe akisema, "Lahaula."

Nilirudi nikakuta mwanga. Kuta ambazo nilidhani ni nyeupe zilikuwa na madoa ya buluu kila mahali, na alama ya kiganja cha shemeji yangu, vidole vitano. Dawa ya mswaki ilikuwa mpaka darini. Na katikati ya uchafu huo wote mume wangu alikuwa amesimama mbele ya kioo, bisibisi mkono mmoja, testa mkono mwingine, hajajishikiza popote. Alikuwa anajitazama. Kioo kile kiko juu; ukikaa kwenye kiti cha magurudumu hukioni. Kwa miaka miwili na miezi mitatu hakuwa ameuona uso wake pale.

Akashusha macho polepole mpaka kwenye kile chuma ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekishika.

"Kamanda," akasema. "Ni muda gani?"

"Dakika sita na sekunde kumi na moja. Nilitaka kukwambia, lakini nyie mlikuwa na mazungumzo."

Alipoanza tu kuuwaza umeme, magoti yakakunjika. Kamanda akamdaka kwa mkanda, mimi nikamdaka kwa shingo, tukamkalisha kwenye kiti chake, akiwa analia na kucheka, na bisibisi haijamtoka mkononi. Wanasema hasira hasara. Wanaosema hivyo hawajaolewa na mume wangu.

Kamanda akajifuta macho kwa kola, akachukua fomu yake. Akaweka alama hapa, akaweka pale, akaandika kwa herufi kubwa kwamba amefaulu. Pale palipoulizwa ni kitu gani kilimsaidia mgonjwa kusimama muda wote huo, akaandika neno moja, "Mke." Kisha akafungua ukurasa wa kwanza, kalamu ikasita.

"Kuna jambo moja," akasema. "Hapa mwanzo, chanzo cha ajali, pameandikwa nguzo. Nifanyeje?"

Nilitazama chini kwenye vigae. Kabla sijapata la kusema nikaziona kandambili mbili zikivuliwa mlangoni, na miguu mitupu ya mama mkwe wangu ikiingia juu ya sakafu ya bafuni. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa mwanawe, akamshika kichwa kwa mikono miwili, bila mwiko. Halafu akamgeukia Kamanda.

"Iache nguzo," akasema. "Mita kumi na mbili."

"Mama, mimi natakiwa kuandika ukweli."

"Ukweli andika huko hospitali kwenu. Hapa mtaani alianguka kutoka kwenye nguzo, na mtu akiuliza, aje aniulize mimi. Mimi namjua hadi ndege."

Nilitaka kumshukuru. Hakunipa nafasi. Alikuwa ameinua uso, anazitazama kuta zetu kwenye ule mwanga mpya, moja baada ya nyingine, na ile alama ya kiganja cha buluu, akitikisa kichwa.

"Mkwe wangu, bafu gani hili?" akasema. "Hebu lete sabuni."

Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nyumba ya dobi haikuwa na sabuni hata kipande.